Mama Hakupiga Magoti

Mimi ni fundi cherehani, na sare zote za kaki za ile sinema ya vita nilizishona mimi. Siku ya kurekodi nilikwenda kupunguza suruali ya mwigizaji wa afande, basi. Mwongozaji akanikodolea macho, akasema uso wangu una historia, niigize mama anayemtoa mwanawe aende jeshini. Uso wangu hauna historia, una hasira. Lakini nilikubali, nione huko kumtoa kwao kukoje.

Kaka yangu alichukuliwa vitani kwa nguvu nikiwa mtoto. Mtaa mzima unaijua habari hiyo, na unaijua vibaya. Eti afande alipochomoa bastola, mama yetu alipiga magoti akamsukuma mwanawe mbele. Msambazaji mkuu ni jirani yangu, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimiki. Mimi nilikuwepo, nyuma ya mlango. Mama aliikamata ile bastola kwenye mtutu, akaivutia kifuani kwake. Askari walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka akaachia. Kaka alichukuliwa, hakutolewa. Hakurudi tena, na mama alizikwa akiitwa aliyemtoa mwanawe.

Mtunza vifaa alileta bastola kwenye sanduku: nzito, ya chuma cheusi, yenye kile kigurudumu cha risasi na pete ya kufungia kamba chini ya mpini. Ilikuwa bastola ya kweli ya jeshi la zamani, ila mtutu umezibwa. Kama si ile ile, basi ni ndugu yake.

Kamera zikawashwa. Afande, kijana mpole aliyetoka kunishukuru kwa suruali, akanielekezea bastola. Nikasimama wima. Mwongozaji akaniambia nipige magoti, nikamjibu hayapindiki. Akauliza kama naumwa.

"Siumwi," nikasema. "Mama yangu hakupiga magoti, na mimi simpigishi."

Akanibembeleza kwamba hii ni sinema tu, watazamaji wanataka kulia. Nikamwambia watafutiwe kingine cha kuwaliza. Akaniweka pembeni, akauliza nani anaweza. Hajamaliza, Mama Redio huyo, aliyekuja na wanawake wa mtaa kuigiza umati, kajitoma mbele, ananipita huku ananikata jicho. Damu ilinichemka. Uongo alioutangaza miaka yote sasa angeuigiza, uonekane mpaka na vitukuu.

Kijana aliyeigiza mwanawe akasimama kando yake, anatetemeka, mtoto wa watu anajua kazi. Afande akachomoa bastola. Mama Redio akaanza kuinama, akaishia njiani. Akamtazama kijana, akaitazama bastola. Kisha akanyoosha mkono, akaukamata mtutu.

Mwongozaji akaamuru kamera zizimwe. Mama Redio hakuachia. Afande alivuta, akachoka, akamwachia bastola yake.

Mama Redio akanigeukia mbele ya watu wote, bastola bado mkononi.

"Haiwezekani," akasema. "Mzazi hawezi. Mama yako nilimsingizia."

Nilitaka kumtukana, nimeyaweka matusi hayo miaka mingi. Machozi yakanitangulia.

Mwongozaji akasema atafutwe mama mwingine. Akawageukia wanawake waliobaki, mmoja mmoja. Hakuna aliyesogea. Nikafuta uso, nikaenda kusimama bega kwa bega na Mama Redio.

"Washa kamera zako," nikamwambia mwongozaji. "Hapa hapigi magoti mtu."