Kisigino Kisicho na Namba

Mfuniko wa ndoo ulilia gizani, ka, kama mtu anayekoki bastola polepole asiamshe watoto. Nikajua hapo hapo kwamba usingizi umeshanichukua, na hii ndiyo ndoto niliyoota jana usiku.

Nimo stoo ya makumbusho, ninakosomea masomo ya jioni ya kutunza vitu vya kale. Mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe, imelala bastola ya afisa wa Kijerumani wa zamani. Ni ileile niliyopewa juzi niipime kama ni halisi, na hali yake ikoje.

Na ni kweli kwamba juzi, kabla sijaipima, niliisugua kwa majivu na ndimu kama ninavyosugua sufuria zangu. Niliona mzee wa watu kasafiri miaka mia na ushee, si haba akioga. Ikang'aa! Saa hiyohiyo Mwalimu Haule akaingia kutufundisha kwamba ule weusi wa miaka ndio ushahidi, ukiufuta umeifuta nusu ya bastola. Kwenye fomu nikaandika: "Haijaguswa."

"Mgongo unaniwasha," bastola ikasema.

"Pole, babu."

"Ni ndimu."

"Nakuomba usimwambie Mwalimu."

"Mimi ni wa jeshini, mama. Nikiulizwa, najibu."

Nafungua mlango nitoke, na nje si uani tena, ni kliniki ya watoto. Akina mama wamejaa kwenye benchi, kila mmoja kafunga bastola mgongoni kwa kanga, kadi mkononi. Nesi anaining'iniza moja kwenye mizani, anasubiri itulie.

"Asilimia themanini ya rangi ya mwanzo," anasoma. "Anaendelea vizuri. Punguza mafuta."

"Asante, nesi."

"Anayefuata."

Anayefuata ni mimi. Mgongoni kwangu hakuna bastola, yupo Zamda, binti yangu wa miaka sita, miguu inaburuta chini. Mwalimu Haule amekaa mezani, lenzi jichoni, kama hajawahi kuniona.

"Vipande vyote viwe na namba ileile," anasema. "Mtutu, mpini, kifyatulio, mama, mtoto."

Somo hilo nilikuwepo, lakini hayo maneno mawili ya mwisho sikumbuki kuyaandika.

Anageuza kisigino cha Zamda. Kimegongwa mhuri wa kiwandani: 17.

"Halisi," anasema. Zamda anacheka kwa kutekenywa. "Mama sasa."

Ananizunguka. Anafunua ncha ya blauzi, anauona mshono wangu wa tumboni.

"Huu ulifunguliwa ukafungwa."

"Ndiko alikopitia mtoto, Mwalimu."

"Imeandikwa?"

"Kwenye kadi."

"Basi ni tengenezo la zamani na lina kumbukumbu. Si dosari. Lete kisigino."

Navua kandambili. Kisigino changu ni laini, kitupu kama sahani. Kila Jumamosi hukisugua kwa jiwe.

"Namba imefutwa," anasema Mwalimu, na benchi zima linaguna.

"Mwenzetu na wewe!" anasema mama mmoja. "Ungebakiza hata uchafu kidogo!"

"Lakini ni mwanangu," nasema. "Nimemzaa mimi. Usiku wa homa zake niliyekesha ni mimi."

"Kila anayeleta vipande vya kuokoteza husema hivyo," anasema Mwalimu.

Anavuta droo ndefu yenye kibandiko VISIVYOLINGANA. Ndani mna vifyatulio, mipini na skrubu, na pembeni pametandikwa kigodoro. Shuka lake ni lile la Zamda la nyumbani, lenye bata. Mtoto wangu msikivu anavua viatu, anavipanga vizuri, anaingia.

Mwalimu anaanza kuisukuma droo. Naishika, inateleza kwa mafuta ya bunduki.

"Sema, mama," bastola inanong'ona. Sijui imefikaje mezani.

"Nikisema atanifukuza darasani."

"Usiposema anafunga."

Umebaki uwazi wa vidole vinne. Vitatu.

"Mwalimu! Ile bastola niliisugua mimi! Majivu na ndimu! Halafu nikaandika haijaguswa, kwa woga tu, Mwalimu, niliogopa!"

Droo inasimama. Mwalimu anavua lenzi, anavuta fomu yangu, anaandika taratibu huku akijisomea: "Imesuguliwa... juzi... na mwanafunzi... anayejulikana." Anakausha wino kwa pumzi.

"Lete tena hicho kisigino," anasema.

Anainama. Naona upara wake tu, uso siuoni.

"Mh," anasema.

"Mh nini, Mwalimu?"

Mfuniko wa ndoo ukalia: ka.

Nikafumbua macho. Kumekucha, na aliyefunika ndoo ni Zamda, ametoka kuchota maji ya kunywa. Nikaazimia kwamba jioni hii naiomba ile fomu na kuiandika upya, litakalokuwa na liwe.

Zamda akaja miguuni pa kitanda, akafunua chandarua. Kisha akakaa chini, akaupandisha mguu wake juu ya goti, akautazama, akautazama na wangu.

"Mama, kisigino chako kina kumi na saba kama changu."