Pini Nne Mdomoni

Shangazi ameshona majoho ya chuo chetu kwa miaka ishirini na miwili. Ukipita mbele ya kibanda chake, anakutazama mara moja tu na kujua upana wa mabega yako. "Wenye shahada ya kwanza, mikono ya kawaida," alinifundisha nikiwa mdogo. "Madaktari, mikono mipana. Na profesa mwachie nafasi tumboni." Majoho yakishakuwa tayari, huyapeleka chuoni kwa mlango wa nyuma, ule wa stoo.

Miaka sita iliyopita alijiandikisha masomo ya jioni, asimwambie mtu ila mimi. Mwaka huu alimaliza. Joho lake nilimpima mimi, maana vipimo vya watu wote alivijua isipokuwa vyake.

"Nyoosha mkono, Shangazi."

"Usinibane, mwanangu. Nikipanda jukwaani nataka nipumue."

Jukwaa ndilo alilolitamani. Kwetu, anayeitwa mara tatu asitokee huchukua cheti chake wiki inayofuata kwenye kidirisha cha ofisi, kama anayenunua stempu.

"Vidirisha nimevizoea," alisema. "Safari hii nataka ngazi."

Siku ya mahafali niliketi nyuma kabisa, mahali pangu pa siku zote. Nilimwona kwenye mstari, katikati ya vijana wa rika langu. Profesa aliyekuwa akiwapanga akakanyaga pindo la joho lake mwenyewe, likafumuka. Nikasema moyoni: usiangalie, Shangazi, nakuomba.

Akaangalia.

Kufumba na kufumbua alikuwa amepiga magoti, pini nne mdomoni, sindano mkononi.

Jina lake likaitwa. Likaitwa tena. Profesa hata hakushtuka. Miaka yote hiyo alimjua kama "fundi" tu. Shangazi aliinua uso aitike, pini zikamzuia. "Mmmm!" ndiyo sauti pekee iliyosikika. Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Msomaji wa majina akavuta pumzi aite mara ya tatu.

Mimi darasani huandika swali langu kwenye karatasi, nikampa mwenzangu aniulizie. Sijui miguu ilinisimamishaje.

"Yupo!" nilipiga ukelele. "Yupo chini hapo! Anashona!"

Ukumbi mzima ukageuka. Profesa akatazama miguuni pake.

"Kumbe ni wewe?"

Shangazi akazitoa pini, akazichomeka kwenye mkono wa joho lake. "Ni mimi. Usisogee, Profesa, bado upande mmoja."

Akapanda. Ngazi saba, nilizihesabu. Alipofika juu ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona: wakuu wote wa chuo wamekaa jukwaani safu mbili, na hapakuwa na joho hata moja ambalo halikupita mikononi mwake. Nadhani nao waliliona hilo. Mama mmoja wa safu ya mbele alijitazama mkono wa joho, akaupapasa, akasimama. Wa pembeni yake akasimama. Kisha wote. Mlio wa viti ulinifikia hadi nyuma. Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

Shangazi alipokea cheti chake, akashuka, akarudi moja kwa moja kwa profesa, ambaye alikuwa bado amesimama palepale alipoachwa. Akapiga magoti, akatafuta pa kukiweka cheti, akakosa.

Profesa akainama, akamshikia, kwa mikono miwili.