Insha ya Kumhusu Kulwa

Bwana Peterson alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomfanya Edna ashindwe kumkasirikia. Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari moja ya mji wa Bowie, ughaibuni, na msimu ule majani yalipoanza kupukutika, mwaka wa tisini na nane, kila aliyekuwa mwaka wa mwisho alipita ofisini kwake na insha ya kuombea chuo kikuu. Insha ya kueleza wewe ni nani. Edna alikuwa ameandika juu ya kwaya ya vijana wa Kitanzania waliokuwa wakikutana kuimba katika mji jirani wa Greenbelt. Bwana Peterson aliisoma yote, akaiweka mezani taratibu.

"Edna, kuimba wanaimba wengi," alisema. "Lakini wewe una jambo la kusimulia. Dada yako."

Machozi yalimlengalenga Bwana Peterson. Alikuwa amekuja mazishini, amevaa koti la mvua, amesimama nyuma kabisa ya watu.

Edna alisema atafikiria.

Yeye na Adela walikuwa mapacha. Adela alitangulia kuzaliwa, basi nyumbani akawa Kulwa. Edna akafuata, akawa Doto. Adela alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu, Edna akanusurika. Bahati tu, walisema madaktari. Februari ile Adela alipelekwa hospitali akiwa na maumivu ya kifua, kama alivyokuwa amepelekwa mara nyingi, na safari hiyo hakurudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Edna kwa jina la Doto. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Ila ukisema Doto, mtu atauliza Kulwa yuko wapi.

Jioni, wakiwa mezani, Mama aliuliza habari za shule kwa Kiswahili na Edna akajibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Aliposimulia alichoambiwa na Bwana Peterson, Baba aliacha kula.

"Yaani mwanangu afanywe tiketi ya kuingilia chuo? Huyo mwalimu hana adabu."

"Aandike," Mama alisema.

"Rosemary!"

"Aandike, baba Kulwa. Nchi hii nani anamjua mwanangu? Manesi wa wodini na watu wa kanisani, basi. Nyumbani angezikwa na mtaa mzima. Hapa majirani walileta keki, wakarudi kwao. Acha watu wamsome."

Kusikia akiitwa baba Kulwa kulimnyamazisha Baba. Aliinuka, akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu maji yakimwagika.

Edna aliandika Jumamosi na Jumapili. Insha ya kwanza ilitoka kirahisi mno. Ilikuwa na shujaa anayetabasamu juu ya kitanda cha hospitali, aliyemfundisha pacha wake kuithamini kila siku ya maisha. Alipoisoma aliona aibu. Adela hakuwa hivyo. Adela alichukia kuitwa shujaa. Nesi mmoja alipomwita hivyo, alijigubika shuka mpaka nesi akaondoka. Aliiba kwenye karata. Alikula ukoko wote wa wali kabla wenzake hawajakaa. Edna aliposhinda mashindano ya kuogelea, Adela alimnunia mpaka kesho yake, na alipoulizwa alijibu wazi kwamba ni wivu. Wala hakumfundisha mtu lolote juu ya kufa. Aliogopa, na akasema kwamba anaogopa.

Edna aliichana ile ya kwanza, akaandika hayo.

Bwana Peterson alipoisoma alicheka mahali fulani, kisha akavua miwani akaifuta. "Huyu nimemwona," alisema. "Ila watakaosoma wanataka kukujua wewe. Uko wapi humu? Umejifunza nini?"

Nje, mabasi ya njano yalikuwa yamejipanga yakiwasubiri wanafunzi. Edna aliyatazama. "Sijajifunza kitu," alisema. "Nimebaki tu."

"Basi andika hivyo."

Alijaribu, ikamshinda. Tangu alipojua kusema alikuwa amezoea kusema "sisi". Kila alipoandika "mimi", sentensi ilisimama hapo hapo, haiendi mbele wala nyuma.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Mama jikoni akichambua maharage. Mama hakuinua uso.

"Imekwisha? Nisomee."

Edna akaanza kusoma.

"La. Kwa Kiswahili."

"Mama, Kiswahili changu kibovu."

"Hivyo hivyo kibovu. Kulwa nilimzaa kwa Kiswahili."

Basi Edna akaanza upya, akitafuta neno baada ya neno. Ukoko alilijua. Wivu hakulijua, Mama akampa. Walipofika kwenye karata Mama alicheka, akacheka tena mpaka akashika ukingo wa sinki, na Edna, aliyekuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Februari, akacheka naye. Akafika mwisho.

"Akasema, naogopa."

Mama aligeuka. "Alisema lini?"

"Siku ile hospitalini, ulipokwenda kuegesha gari."

"Alisema hivyo? Kwa Kiswahili?"

Edna aliitikia kwa kichwa. Adela naye alijibu kila kitu kwa Kiingereza, maisha yake yote. Hilo moja alilisema kwa Kiswahili.

Mama alikaa kitini. Alichota maharage kiganjani, akayarudisha kwenye sinia, akayachota tena.

"Alikuwa ananiita mimi," alisema.

Edna alivuta kiti, akakaa karibu naye. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usiipeleke."

"Lakini wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema, na sasa nimeisikia. Huko wataiwekea maksi, mwanangu. Mmoja atasema nzuri, mwingine atasema haitoshi. Wampe maksi Kulwa?"

Edna alipeleka ile ya kwaya. Bwana Peterson hakubishana naye. Alimsahihishia alama za mkato, akamshika bega, akamtakia heri.

Bahasha ilikuja Aprili, nene, kutoka chuo kikuu alichokitaka. Baba aliisoma barua ya kukubaliwa kwa sauti akiwa amesimama sebuleni, na Mama, kanga begani, akapiga kigelegele cha kwanza kusikika katika nyumba ile kwa muda mrefu. Kilipanda vizuri. Kisha kikakatika katikati, ghafla, kama mtu aliyepaliwa, akabaki mkono mdomoni akiitazama bahasha, moja tu, mkononi mwa mumewe.

Edna alimsogelea, akamkumbatia. Baba aliikunja barua, akaikunjua, halafu akauliza chakula kiko wapi, ingawa walikuwa wamekwisha kula.