Dorah Juu ya Mabati

Nilimpa mwalimu nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Alikuja hapa Muhuru Bay kutafuta nyumba ambayo mwanafunzi wake angeifungia umeme wa jua kama mtihani wa mwisho, na mimi, mbio mbio, nikasema, "Njooni kwangu." Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Dorah, mke wa mwanangu Elijah. Niliona nimepata bahati ya kuwaonyesha majirani.

Mwalimu huyo, Mosoti, husema anafundisha ujuzi wa kijani. Mimi kijani ninachokijua ni sukuma wiki. Lakini kampuni moja ilikuwa inatafuta fundi wa hapa ufuoni, wa kushughulikia taa za jua za wavuvi wa omena, na ilikuwa imemtuma mtu wake aje atazame mtihani. Dorah akifaulu, anaandikwa kazi. Na Elijah alikuwa ameniapia kwamba siku mkewe akiandikwa kazi, yeye ataacha mashimo ya dhahabu kule Osiri. Nani asingetoa nyumba? Kila nikisikia shimo limeporomoka, chakula hakinipiti kooni mpaka niisikie sauti yake.

Kosa langu ni hili. Paneli niliyoizoea ni ile ya pampu ya maji ya shule, nayo imesimamishwa chini juu ya vyuma, ndani ya ua. Nikadhani zote hukaa hivyo. Hata mahali pake nilikuwa nimepafagia, kando ya nyavu ninazoanikia omena.

Asubuhi ya mtihani Dorah akatoka amevaa ovaroli, akaegemeza ngazi ukutani.

"Hiyo ngazi ni ya nini?" nikauliza.

"Ya kupanda, Mama. Paneli inakaa juu ya mabati."

"Nani anapanda?"

Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Si ni mimi? Mtihani ni yangu."

Yaye! Kwetu Wajaluo mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni kwer, mwiko. Ukipanda ni kama unamtakia kifo mwenye boma. Na huyu si mwanamke tu, ni mke wa mwana, juu ya kichwa cha baba mkwe! Kwao Kisii mambo ni yale yale, mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana hadi kuongea moja kwa moja huwa kazi. Dorah alijua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Huko chuo hawakukuambia?"

"Mama, huko chuo hakuna mtu aliuliza hii paa ni ya nani."

Mosoti akajifanya anakagua nyaya. Mtu wa kampuni akatazama saa yake. Nikataka kumkataza Dorah, nikakumbuka shimo la Osiri. Nikashika ngazi. Mimi mwenyewe, Pamela, nikashika ngazi ili mke wa mwanangu apande juu ya nyumba ya mume wangu. Hadi leo nikikumbuka nashtuka.

Clifford, mume wangu, alikuwa ameenda kutazama mashua yake. Hakukawia kurudi, kwa sababu jirani yetu Emmaculate alikwishapiga mayowe na watu wakajaa uani. Mzee akasimama langoni, akatazama juu. Dorah akaganda pale juu, drili mkononi, asithubutu kugeuka. Nilingoja matusi. Nilingoja kufukuzwa.

Akapita katikati ya watu, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango.

"Ameenda kuchukua panga," akasema Emmaculate.

Kisha tukasikia ngo, ngo, ngo. Mabati yalikuwa yanagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo tena, sasa upande wa kulia. Nikachungulia dirishani. Mzee alikuwa amesimama juu ya meza yangu ya chakula, na viatu vyake, akigonga kwa fimbo mahali mbao za paa zilipopita. Dorah alikuwa akitoboa mabati matupu na skrubu hazikushika, na aliyejua mbao zilipo ni yule aliyezipigilia. Hakumwita jina, hakumtazama, heshima hakuivunja. Aligonga tu, na Dorah akatoboa palepale alipogonga.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nimezeeka na mwanamume huyu, kumbe sikuwa namjua.

Ndipo simu yangu ikalia. Emmaculate alikuwa amepiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na sasa aliyenipigia ni Elijah.

"Mama, nimeona bibi yangu juu ya nyumba ya baba. Mshushe!"

"Baba yako yuko ndani anamsaidia."

"Sijali! Watu wa mgodi wote wananicheka. Ashuke saa hii, ama arudi kwao Kisii!"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ngazi. Mzee niliyemhofia yuko juu ya meza na fimbo, na kijana wa juzi, niliyemzaa mimi, ndiye ananifokea habari za mwiko! Hasira zikanipanda.

"Na ile ahadi yako? Si ulisema Dorah akipata kazi unatoka shimo?"

"Hiyo kazi siitaki. Nitakaa huku huku."

Dorah akainama kutoka juu. "Mama, ni Elijah? Anasema nini?"

Ua mzima ulinigeukia, mwalimu na mtu wa kampuni pia.

"Anasema umalize," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi ziwani.

Dorah akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akarudi kwenye skrubu zake. Kwenye simu Elijah alikuwa anapasuka.

"Mama! Umemwambia nini?"

"Ukitaka ashuke, kuja umshushe mwenyewe. Mimi sipandi. Kupanda nyumba ni mwiko."

"Nakuja! Natoka sasa hivi!"

"Toka," nikasema, nikakata simu.

Balbu iliwaka, watu wakapiga vigelegele, mtu wa kampuni akampa Dorah mkono na kumwambia aripoti kazini Jumatatu. Nilifurahi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye barabara ya kutoka Osiri.

Elijah alifika jioni kwa bodaboda, amevimba, vumbi la shimo limemjaa hadi kwenye nyusi. Alianza kufoka tangu langoni. Nikamkimbilia nikamkumbatia huku anafoka, nikampapasa kichwa, mabega, mikono, vidole. Vyote vilikuwepo.

"Foka, baba," nikamwambia. "Foka mpaka uchoke."

Nikaenda kufunga lango nyuma yake.