Chumvi ya Kona ya Nyumbani

Mimi ndiye dereva wa lori linalomwaga chumvi kwenye barafu ya barabara yetu, na nasema wazi: wanaomwaga mchanga badala yake sijawahi kuwaelewa. Mchanga unapasua vioo vya magari, na theluji ikiisha unabaki vumbi hadi kwenye meno. Chumvi unaimwaga, barafu inayeyuka, watu wanafika makwao. Miaka mitatu iliyopita baba yangu, mzee Arvi, aliteleza na gari kwenye kona iliyo juu ya nyumba yao, akaishia mtaroni. Tangu siku hiyo kona ile naipa chumvi mara mbili.

Mwezi wa kumi daktari alimwambia baba presha imepanda, aache chumvi kabisa. Mama akafungia samaki wa chumvi stoo, ufunguo akautundika shingoni. Hata ile chembe ya chumvi tunayotia kwenye birika la kahawa huku kwetu Ufini, kama walivyotia bibi zetu, akaikata. Presha ikazidi kupanda. Mwezi wa pili daktari akasema moyo umeanza kuchoka.

"Unakula kwa siri," mama alimwambia mbele yangu. "Unataka kuniacha mjane kwa sababu ya samaki?"

"Taimi, mke wangu, sijagusa."

"Miaka arobaini na sita, leo ndiyo unaanza kunidanganya."

Baba aligeukia dirisha, machozi yakimlengalenga. Niliona aibu kumtazama, nikanywa kahawa ili nipate cha kufanya.

"Mama, kumbe na wewe bado unatia chumvi humu."

"Sijatia hata punje tangu mwezi wa kumi."

Niliinuka, nikafungua bomba, nikaonja maji matupu: yana chumvi. Maji yale yanatoka kisimani, na kisima kiko kwenye mteremko chini ya ile kona yangu. Nikafunga bomba.

"Ni mimi," nikasema. "Ni chumvi yangu. Niliogopa utateleza tena, baba."

Mama alivua ufunguo, akauweka kiganjani mwa baba. "Nisamehe, mzee wangu."

Baba akamrudishia. "Kaa nao tu. Kwa samaki wale hata mimi sijiamini." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mchanga huna?"

Siku hizi nawapelekea maji kwa madumu. Nikifika kwenye kona nafunga chumvi ya lori isimwagike, nashuka na koleo, natandaza mchanga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikimaliza, narudia tena.