Udongo Ndani ya Karabini

Aliyempiga Yakubu risasi hakuonekana. Yakubu alianguka njiani, mtaa wa Mangobo, mchana kweupe, wiki chache baada ya waasi kutimuliwa mjini, na risasi iliyomtoboa ilikuwa ndogo, ya karabini ya kuwindia ndege. Basi shemeji yake Nassoro, fundi wa bunduki, mtu wa ulimi usio na mfupa, akasimama sokoni hata matanga hayajaondolewa, akapaza sauti: "Kwa hii avenue karabini iko moja tu, ya Lambert. Lisemwalo lipo!"

Na leo Lambert huyo huyo, mtu wa mtoni kutoka kijiji cha Yanonge, kaingia kibandani kwa Nassoro, karabini kaifunga kwenye gunia.

"Papa Nassoro, unisafishie hii. Baaskari wanasema tupeleke bunduki zote za kuwinda kambini. Bon, kesho naipeleka. Sipendi waione chafu."

Ala! Nassoro akajisemea moyoni: Mwuaji aniletee mimi nimwoshee silaha yake? Mlangoni mkewe Hadidja, dada wa marehemu, alisimama, hakumsalimu mgeni. Nassoro akaipokea bunduki. Alitaka kuona masizi ya baruti kwa macho yake, kisha angejua la kufanya.

Akachomoa chuma cha nyuma, kile chenye pini inayogonga ukingo wa risasi. Akainusa: kutu tu, baruti hakuna. Akaweka ukucha wa dole gumba nyuma ya mtutu ili umulike jua ndani, akachungulia kwa mbele. Giza tupu. Akageuza ukucha. Giza vilevile.

"Kuna nini?" Lambert aliuliza haraka mno.

Nassoro akachukua waya mwembamba. Akaupitisha taratibu, ukagota katikati. Alipouvuta, ulitoka na unga wa udongo mkavu na ganda la mdudu. Nyigu! Nyigu wa udongo alijenga humo, akazaa, na watoto wake walishakua wakaruka zao. Nyumba ile ilikuwa ya miezi. Karabini hii isingeweza kumpiga mtu wiki iliyopita. Ingempasukia Lambert mwenyewe usoni.

Aibu ikamshika fundi, aibu ya kweli, hata akashindwa kuinua macho. Akaurudisha waya mezani.

"Siisafishi," alisema. "Ipeleke hivi hivi, na udongo wake. Wakiona mtutu unang'aa na kunuka mafuta, watasema uko na kitu unaficha. Huu udongo ndiyo shahidi yako."

Lambert alimtazama, akamtazama Hadidja pale mlangoni, akamrudia Nassoro.

"Weye ulinisema kwa soko," alisema polepole. "Leo unapenda niende na bunduki chafu, wanifunge. Unaniona mujinga, papa?"

"Wallahi, Lambert, ninakuambia kweli!"

"Kweli gani? Alors, nipe kitu yangu."

Akaifunga kwenye gunia, akaondoka bila kuaga. Nassoro angemkimbilia, angemwomba radhi pale pale barabarani, majirani wakiona. Lakini kuomba radhi kunataka moyo, na Hadidja alikuwa anamwangalia. Akaufunga ule udongo kidogo kwenye karatasi, akajisemea ataenda kesho.

Kesho yake alimkuta Germaine, mke wa Lambert, uani anafua kitambaa kilichogeuka chekundu kwa mafuta ya mawese.

"Ameisugua mwenyewe hata ikang'aa kama kijiko," Germaine alisema. "Ameshaenda. Anasema ulitaka kumukamatisha."

Nassoro alikimbia, kanzu kaikunja mkononi. Kambini aliiona karabini mezani mbele ya ofisa, mtutu unameta, mafuta yananuka hadi mlangoni. Lambert alikaa chini kwenye vumbi, mikono imefungwa nyuma. Hakumtazama.

"Chef, huyu mutu hana kosa!" Nassoro alifungua karatasi yake juu ya meza. "Niliona kwa macho yangu. Mtutu ulijaa udongo wa nyigu, huu hapa!"

Ofisa akauangalia udongo, akaupuliza ukatawanyika mezani.

"Udongo iko kila mahali. Jina lako?"

"Nassoro, fundi."

"Ah, bon." Ofisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nassoro wa kule sokoni. Si ni kwa neno lako tumemufunga?"