Mboga za Dresa

Mughwai alikula kiapo kwamba mboga za dresa hazitapita kooni mwake, na mtu akikaza shingo kama Mughwai wa Mungaa, mwache tu, utajichosha bure. Yeye ilikuwa ugali wa uwele na maji ya chumvi, mchana na jioni, huku mkewe Felista na binti yao mdogo Anastazia wakila majani ya maboga pembeni yake.

Dresa mwenyewe alikuwa Bonaventura, mganga mdogo wa zahanati, aliyeletwa na serikali ya Mwingereza mwaka ule mvua zilipogoma na ng'ombe wakakauka maziwa. Kijana mrefu, mwembamba, kaptula imepigwa pasi, baiskeli inang'aa. Alipita nyumba hadi nyumba akihimiza watu walime bustani karibu na visima, mchicha, maboga, karoti, mipapai, akisema mboga na matunda huongeza damu, hukinga mwili na maradhi, huponya hata macho. Wanaume walicheka, wakasema majani ni ya mbuzi. Wanawake walichukua mbegu.

Sasa, nyumba nyingine dresa alipita mara moja kwa wiki. Kwa Mughwai alipita mara mbili. Mughwai alihesabu, ndiyo, na kila alipohesabu roho ilimuuma upya. Kwa nini mara mbili? Kwa nini Felista amwagilie bustani jioni, si asubuhi? Na anapomwagilia anaimba nini?

"Dresa kasema maji ya jioni jua haliyawahi," Felista alimjibu siku moja.

Dresa kasema. Mughwai alilisikia neno hilo mpaka likamkaba. Dresa kasema mboga zisichemshwe mpaka zife. Dresa kasema tia siagi hata kama ni kidole tu. Mwanamke katolewa ng'ombe kumi na wawili, tena ng'ombe wa maana, halafu kila akifungua mdomo anaanza na mwanamume mwingine. Wewe ungelala usingizi?

Lakini kilichomkondesha zaidi hakumwambia mtu. Jua likizama, Mughwai alikuwa haoni. Mchana aliona vizuri kabisa, hata kupe kwenye sikio la ng'ombe. Jua likigusa vilima tu, dunia ilimfungia mlango. Alijigonga kwenye vigoda akasingizia pombe. Alipapasa ukuta akajifanya anakagua nyufa. Aliogopa jambo moja: Felista akijua kwamba mumewe jioni ni kipofu, ni kitu gani kitamzuia? Kwa hiyo kila jioni alikaa juu ya jiwe ukingoni mwa bustani, kifua mbele, akajitia analinda, kumbe anasikiliza tu.

Jioni moja akamsikia Felista anacheka kisimani. "Shika kamba hapa. Vuta taratibu," alisema Felista. Aliyeambiwa hakujibu, aliguna. Mughwai akakodoa macho mpaka yakatoka machozi. Kwa mwanga kidogo uliobaki aliona kwa mbali kitu cheusi kimesimama, kimevaa koti. Koti la kiume.

Damu ikampanda. Alikwenda mbio akijikwaa kwenye matuta, akalidaka lile koti kwenye ukosi.

"Leo nimekupata, dresa," alisema, akatikisa kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote wawili katikati ya maboga.

"Mughwai," ikasema sauti chini yake, pasipo haraka, "niachie koti la marehemu."

Alikuwa Yunisi, mama mkwe wake, aliyefika mchana ule Mughwai akiwa machungani, kumtembelea binti yake, akavaa koti la mumewe kwa ajili ya upepo. Ole wake Mughwai. Miaka minane hakuwahi kula mbele ya mkwe huyu, hakuwahi kumpa mkono, akimwona njiani anaingia porini kumpisha. Sasa amelala juu yake kwenye matuta. Alitamani kile kisima kimmeze.

Asubuhi kaka zake Felista walifika wakiongozwa na Filipo, mkubwa wao. Walidai kondoo wa kuondoa aibu, na Mughwai akakubali kabla hawajamaliza kusema. Filipo akatikisa kichwa.

"Kondoo peke yake hatoshi," alisema. "Anayempiga mama leo, kesho atamuua dada yetu. Felista anarudi nyumbani."

Mzigo wa Felista ulikuwa umekwisha fungwa, uko mlangoni, na Anastazia ameukalia.

Yunisi akasema akiwa amempa Mughwai mgongo, kama ilivyo adabu. "Bonaventura ni mrefu kama mlingoti wa bendera ya boma. Mimi ni mfupi, na unene wangu mnaujua. Anayetufananisha sisi wawili hana ukorofi, hana pombe. Haoni. Mkwe wangu, jioni unaona?"

Mughwai alipima. Akisema anaona, Felista anaondoka leo hii. Akisema haoni, Felista anabaki, lakini kila jioni atakuwa huru kufanya apendalo mbele ya pua yake. Akatazama ule mzigo.

"Sioni," alisema.

"Basi atakula mboga," akasema Yunisi. "Mfungulieni mtoto huyo mzigo wa mama yake."

Akala. Alikula majani ya maboga, akala mchicha, akala karoti akizitafuna kwa hasira, na papai la kwanza la bustani alipewa yeye. Wiki ya nne, jua likiwa limekwisha zama, akaona kamba ya kisima. Kisha akaona mikono iliyoivuta. Alikuwa Felista peke yake, anateka, anabeba, anamwaga, anarudi, na mguu wa kushoto unachechemea kwa uchovu.

Alipomaliza akaja kukaa kwenye jiwe karibu naye.

"Ulijua?" Mughwai aliuliza.

"Tangu ulipoanza kupapasa ukuta. Nilikwenda zahanati nikamweleza dresa. Ndiye aliyeniambia nilime, na nilimwomba awe anapita mara mbili akutazame macho, maana wewe mwenyewe usingekwenda."

"Mbona hukuniambia mimi, mumeo?"

Felista alikung'uta udongo miguuni kwanza. "Ningekuambia macho yako yanapona kwa majani, usingeuliza habari ya macho. Ungeniuliza nilikuwa na nani."

Mughwai alifungua mdomo, akaufunga. Maana swali lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi: siku ile Felista alipokwenda zahanati, alikaa huko na dresa muda gani?